Milango Ambayo Privatus Hakuitengeneza

Kaka yangu Privatus alikuwa hamwamini mtu, na ni heri niliseme hilo mwanzoni tusipotezeane muda. Ukimsalimia kwa uchangamfu, alishinda akijiuliza unataka nini. Kuku wake akitaga uani kwangu, alitaka kujua nimemlisha nini mpaka akahama. Mimi Clotilda ni dada yake wa tumbo moja, nimembeba mgongoni akiwa mtoto, na bado nikitoka karakanani kwake alinitazama mikono kwanza, uso baadaye.

Hakuzaliwa hivyo. Useremala alijifunza misheni, kwa bruda mmoja aliyekuwa na karakana nzuri. Siku moja randa ya bruda ilipotea, na kwa kuwa Privatus ndiye aliyefunga mlango jioni yake, akaitwa mwizi, akafukuzwa. Randa yenyewe ilikuja kuonekana chini ya rundo la maranda. Habari zilitufikia sote, lakini hakuna aliyemwita kumwomba radhi. Akarudi kwetu Murukulazo na ufundi wake wote, na tangu hapo akawa mtu wa kufunga milango.

Halafu ikaja Operesheni Vijiji. Zamani kila mtu aliishi katikati ya migomba yake, jirani humwoni ila moshi wake. Tukatolewa huko, tukapangwa mstari kando ya barabara, nyumba kwa nyumba, hata mwenzako akikaanga kitu pua yako inajua. Serikali ilisema tutapendana zaidi. Labda wengine walipendana. Mimi nilichoona ni watu wakijenga nyua ndefu kuliko nyumba.

Kamati ya kijiji ikatangaza kwamba patakuwa na karakana ya wote, na mafundi walete vifaa vyao. Mkutanoni Privatus alipiga makofi kuliko mtu yeyote. Kesho yake akapeleka nyundo yenye mpini uliopasuka na msumeno kibogoyo. Vifaa vya maana alivifungia nyuma ya nyumba yake, katika kibanda cha fito na udongo alichokijenga mwenyewe.

Kibanda hicho kilikuwa kizuri, siwezi kumnyima sifa yake. Meza ya kazi ilikuwa ya mbao nene za mninga, miguu yake imezikwa ardhini ili isitikisike hata ukiranda kwa hasira. Pembeni aliweka jiliwa la mbao linalobanwa kwa kabari, na ile kabari alitembea nayo mfukoni, maana bila kabari jiliwa halibani kitu. Ukutani alitundika ubao, na nyuma ya kila kifaa akachora umbo lake kwa mkaa: hapa patasi, hapa keekee, hapa tezo. Kifaa kikitoka, pengo jeusi linabaki linakutazama. Chini ya meza kulikuwa na droo, na droo moja ilikuwa na sakafu mbili. Mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwake pamoja na rozari.

Mbao alizipata Nyantakara, huko Biharamulo, kwa Msukuma mmoja mpasua mbao aliyeitwa Shibuda. Shibuda alizileta kwa baiskeli, akiisukuma safari nzima kwa sababu mzigo haukuacha nafasi ya kupanda. Alikuwa mtu wa kucheka, na kwa Privatus mtu anayecheka sana ana jambo.

Sasa nisikilizeni kuhusu visanduku, kwa sababu kesi yote ilitoka humo. Fundi akitaka kukata vipande vingi vya urefu mmoja hapimi kila kimoja. Anatengeneza kisanduku kisicho na mfuniko, chenye mfereji wa kupitishia msumeno upande huu na kizuizi upande ule. Unasukuma mbao mpaka igonge kizuizi, unakata, basi. Privatus alikuwa navyo vya miguu ya viti, vya mbao za kukingama kwenye milango, vya kila kitu. Na vyote vilikuwa vya uongo. Vizuizi alivipigilia mbali kuliko ilivyotakiwa, kwa upana wa kidole gumba. Yeye akikata, alitia gumba lake kati ya kizuizi na mbao, na kipimo kikawa sawasawa. Mwingine yeyote angekata mbao iliyozidi, na asijue kwa nini. Alifanya hivyo makusudi, ili mwizi akiviiba vimwaibishe.

Mwizi hakuja. Iliyokuja ni kamati. Mwaka mmoja waliazima kisanduku kimoja, cha miguu ya nyuma ya madawati ya shule. Miguu ya mbele waliikata kwa kipimo chao wenyewe. Madawati yakainamia mbele, penseli za watoto zikawa zinabingirika mpaka sakafuni. Wakubwa wakaja wakatazama, wakakubaliana kwamba sakafu ya darasa imepinda. Balozi wetu wa nyumba kumi, Bernardo, alishika jembe mwenyewe, akaichimba na kuishindilia upya, jasho likimtoka, mbele ya wanafunzi. Penseli zikaendelea kubingirika. Privatus alisimama dirishani akatoa pole.

Haya ya visanduku sisi hatukuyajua wakati ule. Tulijua tu kwamba kaka ana roho ya korosho.

Vita vilipoanza, mgambo waliitwa, na Privatus akaitwa pia. Alimwacha mkewe Domisiana na watoto wawili, Ansbert aliyekuwa ameanza shule na Zita wa mgongoni. Karakana aliifunga, akaondoka na ufunguo shingoni. Sisi tulifikiri angeupa mke. Domisiana mwenyewe hakufikiri hivyo. Alimuaga mumewe barabarani kama wake wengine, akarudi shambani.

Ule ulikuwa wakati mbaya wa watu kutazamana. Mgeni akipita aliulizwa ametoka kwa nani na anakwenda kwa nani. Mwenye redio alisikiliza akiwa amefunga dirisha, na sisi tusio na redio tukasema anaongea na adui. Shibuda alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, mbao zake zikafunguliwa moja moja. Sabuni haikuwapo, chumvi ikawa ya kunong'onezana. Na huku milango ya watu inaoza, zahanati haina madirisha, na mafundi wote wako vitani.

Nikaanza kuona kwa wifi yangu Domisiana mambo nisiyoyaelewa. Alikuwa na mahindi wakati wengine hatuna. Alikuwa na chumvi, na alinigawia bila kunong'ona. Watu walisema amewauzia milango ambayo mume wake aliiacha tayari ghalani. Nikasema sawa, ingawa moyoni nilijiuliza ni ghala gani linalozaa. Nilisikia randa ikipita mchana, wakati watu wako mashambani. Nikachungulia uani nikaona mkeka umeegemezwa ukuta wa nyuma wa karakana. Baadaye, habari zilipoanza kuja kwamba mgambo wanarudi, nilimwona ameloweka udongo, anakandika ukuta ule ule. Kukandika ni kazi yetu wanawake, huwezi kumuuliza mwanamke kwa nini anakandika nyumba yake. Nikafunga mdomo, nikaendelea kutazama.

Privatus alirudi amekonda. Kumbe hakupiga hata risasi. Waliposikia ni seremala walimweka nyuma akawa anatengeneza bodi za malori. Hata nyumbani hajafika, mzee mmoja akamshika mkono barabarani, akamshukuru kwa mlango. "Umekaa vizuri sana, mwanangu. Hata upepo haupiti."

Privatus alisema asante. Mtu mwingine angesahihisha. Yeye alisema asante, akaenda kuutazama huo mlango.

Akautazama na mwingine, na mwingine. Alipita nyumba za watu akiomba maji ya kunywa, akiwa amesimama mlangoni anapapasa maungio. Milango ilikuwa imetoka kwenye visanduku vyake, na yote imeingia kwenye fremu bila kuzidi. Alifungua kufuli lake: zima. Vifaa vyote vilikuwa vimekaa kwenye maumbo yao ya mkaa. Lakini nyuzi alizokuwa amezifunga kwenye droo kama mtego zilikuwa zimekatika, na ukuta wa nyuma ulikuwa na kiraka cha udongo mpya, rangi yake haijafanana na mwingine. Mtu alipita hapo. Mtu anayejua kazi, na anayejua siri ya gumba. Na kwa akili ya kaka yangu, mtu huyo alikuwa na suruali.

Alikuja kula kwangu. Hakumgusa mkewe wala kumtukana. Domisiana alimfuata karakanani, akamwambia, "Baba Ansbert, ile milango ni mimi."

"Nani alikufundisha?"

"Wewe."

"Mimi sijamfundisha mtu yeyote," alisema Privatus. "Mtaje Shibuda tumalize."

Akaenda kwa Bernardo, akaomba kesi isikilizwe. Akatuma ujumbe Lukole, kwa baba mkwe wake mzee Niyonsaba, aje.

Nilimkuta Domisiana kisimani siku hiyo, ndoo imejaa na bado anaimiminia maji. Ndipo aliponieleza yote. Alivyobomoa udongo kati ya fito akaingia na kutoka kwa miezi, akifunika tundu kwa mkeka. Alivyokuwa miaka yote anapika nyuma ya ukuta ule na kumsikia Privatus akijisemea kila anapokata, kwa sauti ya mtu anayesali: "Gumba, kisha msumeno. Gumba, kisha msumeno." Yule bwana alifunga kila kitu akasahau kinywa. Domisiana alijaribu kwa gumba lake, mbao ikazidi kidogo, maana gumba lake ni jembamba. Akalizungushia jani kavu la mgomba mpaka likanenepa kama la mumewe. Mlango wa kwanza aliutengeneza mara tatu. Kabari nayo aliichonga mwenyewe, kisha akaichoma jikoni.

"Basi waambie wazee hivyo hivyo," nikasema.

"Wifi, nikiwaambia nitawaonyesha kisanduku. Bernardo si mjinga. Akikiona atakumbuka madawati."

Nikaelewa. Wakati ule mtu aliyeharibu mali ya kijiji hakuitwa mjanja, aliitwa mhujumu, na wahujumu walipelekwa Ngara mjini na hawakurudi upesi. Akisema, mume anafungwa. Akinyamaza, yeye ni mke aliyemwingiza mwanamume kwa kutoboa ukuta; anarudishwa kwao na watoto wanabaki, kwa sababu kwetu watoto ni wa ukoo wa baba. Zita alikuwa bado ananyonya.

"Na yeye mwenyewe ndiye aliyemwita Bernardo," nikasema. Nilikasirika mpaka nikacheka. Mtu anachimba shimo, anajitumbukiza, anaita watu waje kutazama.

Wazee walikaa uani kwa Privatus baada ya watu kutoka mashambani. Bernardo kwenye kiti, mzee Niyonsaba kwenye kigoda amekumbatia fimbo yake, na wengine kwenye gogo. Mimi nilikaa chini na Zita. Privatus akasimama akaeleza kiraka, nyuzi, milango, na Shibuda wa Nyantakara anayecheka sana. Alieleza vizuri, kama wakili. Jambo moja tu alilipita pembeni: alipoulizwa kwa nini mtu mwingine asiweze kutumia vifaa vyake, alisema, "Kazi yangu ina mambo yake."

Bernardo akanigeukia. "Clotilda, wewe ndiye jirani. Ulimwona mwanamume akiingia?"

"Nilimwona mwanamke akikandika ukuta. Kama ni kosa, tutakuja wote."

Watu wakacheka. Bernardo hakucheka. Akamuuliza Domisiana milango ilitoka wapi, na Domisiana akatazama chini. Akaulizwa tena. Nikaona shingo ya mzee Niyonsaba inainama polepole, kama mtu anayebebeshwa gunia, na nikamwonea huruma kuliko watu wote pale.

"Nitajibu," alisema Domisiana mwishowe. "Lakini naomba mume wangu aingie na mimi karakanani kwanza. Sisi wawili tu. Mlango ufungwe."

"Kuna nini ndani kisichoweza kuonwa na wazee?" aliuliza Bernardo. Alikuwa ameanza kunusa.

Mzee Niyonsaba akainua kichwa. "Balozi, huyu ni mwanangu. Kama anataka kusema na mumewe, asemee kwake. Sisi tutakunywa maji."

"Ego," alisema mzee mwingine kwenye gogo, na wengine wakaitikia kwamba ndiyo, waende.

Wakaingia. Mimi nikampa mtu Zita, nikasema nakwenda kuchukua maji, nikaenda kuweka sikio kwenye kile kiraka cha udongo. Hakuna aliyeniagiza, na sijutii. Nilisikia mbao ikiwekwa. Nikasikia jani kavu la mgomba likikwaruza. Kisha nikasikia maneno ya kaka yangu yakitoka kwenye kinywa cha wifi yangu, kwa sauti ile ile ya kusali: "Gumba, kisha msumeno." Msumeno ukapita, kipande kikaanguka. Kikawekwa juu ya kingine, nadhani, kwa kupimanisha.

Halafu Domisiana akasema taratibu, "Bernardo yuko nje. Sema nimwonyeshe, nitamwonyesha."

Privatus alitoka akiwa na unga wa mbao kwenye nyusi. Nilimfahamu tangu akiwa mtoto, na sijawahi kumwona na uso ule, hata alipofukuzwa misheni.

"Wazee," alisema, "mke wangu hana kosa."

"Umeona nini?" aliuliza Bernardo.

"Nimeona hana kosa."

"Na milango?"

Privatus alipangusa nyusi. "Milango ni yangu. Niliitengeneza kabla sijaondoka. Nilisahau."

Uani pakazuka kicheko ambacho hata mimi nilishindwa kukizuia. Mtu anayechora patasi kwa mkaa ili isimpotee, leo amesahau milango. Bernardo alisubiri kicheko kiishe.

"Na ukuta?"

"Ukuta ulibomoka kwa mvua. Mama Ansbert akauziba."

"Na Shibuda?"

"Shibuda hana jambo."

"Privatus," alisema Bernardo, "umeniita nimetoka kazini, umemleta mzee wa watu kutoka Lukole, umemvua mkeo nguo mbele ya wazee. Sasa unasema ulisahau. Mimi nitaaminije?"

"Niaminini tu."

Hapo hawakucheka. Walitazamana. Wazee wale, kila mmoja alikuwa amewahi kutazamwa mikono akitoka kwa Privatus, na sasa anaombwa amwamini bila kuonyeshwa kitu. Mmoja alitema mate kando. Bernardo aliutazama mlango wa karakana kwa muda mrefu, nikajua anaufikiria, nikajua akisimama tu na kuingia tumekwisha.

"Mimi namwamini," alisema Domisiana.

Alisema hivyo akiwa amesimama kizingitini, mkono mmoja umeshika mlango. Mzee Niyonsaba akagonga fimbo chini. Kama mke anamwamini, wazee wangefanya nini tena? Wakampiga Privatus faini ya mtungi wa pombe ya ndizi kwa kuwasumbua, wakaweka mirija, wakanywa mpaka kiza kikaingia, na Bernardo alikunywa huku ameuelekezea mgongo ule mlango.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo kwa furaha. Domisiana alimfunga Zita mgongoni kesho yake, akamwambia mumewe, "Kesi nimekumalizia. Sasa nimechoka," akaondoka na baba yake kwenda Lukole. Hakusema atarudi lini. Privatus hakumfuata. Alibaki na Ansbert, anampikia ugali wenye madonge, na kazini alikata na kukata lakini hakujisemea neno.

Nilimwonya. Nikamwambia mwanamke aliyeondoka na siri yako mdomoni unamfuata na mbuzi. Akanijibu, "Nikimfuata, atafikiri nimekwenda kulinda siri." Mara ya kwanza katika maisha yangu nikamsikia kaka yangu akiogopa kushukiwa.

Domisiana alirudi maharage yalipokuwa yamevunwa. Hakuna aliyetumwa kumwita. Niliwaona kutoka uani kwangu: Zita anatembea kwa miguu yake sasa, na mama ana mzigo kichwani. Privatus alikuwa kwenye meza yake, mlango uko wazi. Akatoka. Nikasimama nisikie, maana nilijua maswali yake yote kwa moyo: ulikuwa wapi muda wote huo, ulipita njia gani, nani alikusindikiza, ulimwambia nani nini.

Alimpokea mzigo. Nilimwona akifungua kinywa, akakifunga. Kisha akamwambia kwamba maji ya kuoga yapo jikoni, bado yana moto.